Bwana Mifugo Anajibu: Povu la Kobe na Jua la Juni

Mwezi huu barua za mbuzi zimepungua, za kobe zimejaa. Sishangai, Ghuba imeshaanza kuwaka. Mimi nilisomea ng'ombe na nikazeekea kwenye majosho, lakini tangu nilipoanza kuja Maskati kukaa na binti yangu, jamaa zetu huku wamenifanya daktari wa kobe kwa nguvu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mna tatizo hilo hilo, mmelieleza tu kwa maneno tofauti.

Assalaam alaykum Bwana Mifugo. Miaka sita iliyopita mume wangu alimnunulia binti yetu kobe sokoni, mdogo, saizi ya kitumbua. Muuzaji alisema ni kobe wa Sahara na hakui sana. Sasa ana kilo 18. Anaishi uani. Ua wote umetandikwa marumaru, kuna mlimau mmoja tu, na tumemwekea kibanda cha plastiki cha mbwa. Wiki iliyopita baada ya sala ya Adhuhuri nilimkuta kajibana ukutani, anatokwa povu, shingo na miguu ya mbele imelowa chapachapa. Mama mkwe akasema ni kifafa, akammwagia maji ya friji na barafu zake. Alitulia, ila tangu siku hiyo hali vizuri. Sasa namweka majilisi, sebule ya wageni, kwenye kiyoyozi usiku na mchana. Mume wangu ananicheka, anasema mnyama wa Sahara joto ndiyo kwao. Nani kati yetu ana haki? Na kobe anavumilia nyuzi ngapi?
*Mama wa Seeb, Maskati*

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na povu, maana ndilo lililokutia hofu.

Si kifafa. Ng'ombe akishikwa na joto hutoka jasho, mbwa hutoa ulimi akahema. Kobe hana jasho, na kiulimi chake hakimsaidii kitu. Akifika ukingoni hutoa mate mengi, yakamlowesha kidevu, shingo na miguu ya mbele, ili yakikauka yamwondolee joto japo kidogo. Wengine huikojolea miguu ya nyuma kwa sababu hiyo hiyo. Maji yale ni akiba yake ya mwilini, na mnyama wa nchi kavu hamwagi akiba yake kwa mzaha. Ukiona povu, basi ujue kobe hana hila nyingine iliyobaki.

Siku nyingine likitokea, Mungu apishe mbali, mbebe umtoe juani upesi. Mtie kwenye beseni pana lenye maji ya mtungini, poa lakini si ya kuuma mkono. Yamfike chini ya kidevu tu, kichwa kiwe nje na huru. Mchotee maji taratibu shingoni na kwapani, pale ngozi ilipo laini, kwa nusu saa hivi. Barafu hapana. Ngozi ikishtuliwa na baridi, mishipa ya damu hujikunyata, na joto lililoko ndani ya gamba hukosa njia ya kutokea. Mama mkwe, kwa heshima zake zote, alipoza gamba, na kobe mwenyewe akaendelea kuiva ndani. Usimpe chakula saa hiyo wala usimmiminie maji mdomoni.

Kwa kuwa hali vizuri, mwangalie mkojo wake. Pamoja na maji hutoka uji mweupe. Ukiwa laini, unateleza kidoleni, hana shida kubwa. Ukiwa mgumu, una chembechembe kama chokaa iliyoganda, huyo amekauka, na figo zake zinafanya kazi kwa taabu. Mloweshe kwenye maji ya vuguvugu kila asubuhi. Lakini akipitisha siku tatu bila kutia kitu mdomoni, au miguu ya nyuma ikaanza kuburuta, mpeleke kwa daktari wa wanyama, usisubiri jibu la gazeti.

Sasa tuje kwa mume wako. Nusu ya maneno yake ni kweli, na ndiyo nusu itakayomuua kobe. Huyu, ambaye wataalamu humwita sulcata, kwao ni Sahel, ukingo wa kusini wa Sahara: Senegali, Mauritania, Mali, Nijeri, Chadi, Sudani, hadi Ethiopia na Eritrea. Joto la huko linalingana na la Seeb. Lakini muulize baba watoto: saa saba mchana, yule kobe wa Mali yuko wapi? Yuko chini ya ardhi. Huchimba kwa miguu yake ya mbele shimo la mita tatu na zaidi, na yapo yaliyopita mita kumi. Mwangalie wa kwenu miguu: ile mibamba migumu iliyopandana na zile kucha butu ni vifaa vya kuchimbia. Alfajiri hutoka akala majani, jua likipanda anarudi, na ukame ukizidi anaweza kubaki humo siku nyingi bila kuonekana. Hilo ndilo joto analoishi nalo, la shimoni. Ninyi mmemwachia jua la Sahara, shimo lake mkalifunika kwa marumaru.

Na marumaru ndiyo hasa mshtakiwa wangu kwenye barua yako. Nenda duka la vifaa vya umeme ukanunue kipimajoto kile cha bastola, unachokielekeza kitu kikakuonyesha joto la juu yake. Subiri saa nane mchana, mkabidhi mumeo, mwambie apime pale kobe anapopita. Hewa ikiwa nyuzi 43, marumaru zilizopigwa na jua zitasoma 55 na kupanda. Kobe tumbo lake liko vidole vichache tu kutoka hapo, akichoka analilaza juu yake. Kisha apime ndani ya kile kibanda cha plastiki. Plastiki juani si kivuli, ni tanuri lenye mlango. Kitoeni leo.

Umeuliza nyuzi ngapi. Kobe hatengenezi joto lake kama sisi, huchukua la mahali alipo, kwa hiyo swali ni anaweza kwenda wapi. Hewa ya kivulini ikiwa kati ya 26 na 35, wa kwenu atatembea na atakula. Ikipita 38 anatakiwa awe ameshajificha, na maficho yake yasizidi nyuzi 32 au 33. Mwili wenyewe ukifika 40 na kuendelea kupanda, hapo ni roho yake. Weka basi kipimajoto cha pili, kile kinachokumbuka joto la juu na la chini la siku nzima, na ukiweke chini ardhini anapolala. Watu hukitundika ukutani usawa wa macho yao, wakajipimia wenyewe.

Kitu ambacho hukuuliza, na mimi nakiona kikubwa kuliko mchana, ni usiku. Kobe wa kilo 18 huchelewa kupata moto, na huchelewa vile vile kupoa. Katika nchi nyingi za joto usiku humsaidia, anaanza siku mpya akiwa poa. Pwani ya Omani mwezi wa Juni huo msaada haupo. Mnakumbuka mji wa pwani wa Quriyat mwaka 2018, mwishoni mwa Juni, siku nzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku na mchana? Dunia nzima iliandika. Usiku wa kawaida wa Seeb haufiki huko, lakini thelathini na kitu anazipata, na ukuta wa saruji uliokunywa jua kutwa unamrudishia hadi usiku wa manane. Wa kwenu hakuangushwa na Adhuhuri ile peke yake. Joto lilikuwa linamlimbika tangu juzi.

Kwa hiyo msifanye kazi ya kumpoza kobe. Mtafutieni udongo. Udongo wa kina cha mita moja na zaidi haujui kama leo ni 38 au 46, hubadilika polepole kwa majira, na ndio kiyoyozi alichozaliwa nacho.

Ng'oeni marumaru upande mmoja wa ua, upande wenye kivuli cha nyumba wakati wa alasiri. Najua zimenunuliwa kwa riali, kobe naye atawazika nyote, ataishi miaka hamsini na zaidi, kwa hiyo fanyeni hesabu ya mbali. Chimbeni mteremko wa pole, kama wa kupitishia baiskeli, mpaka sakafu ya chumba chake iwe mita moja na robo chini. Chumba chenyewe kiwe na nafasi ya kugeuka, mita moja na robo kila upande. Hapana, msipime kwa kilo 18. Dume la kobe huyu hufika kilo 50 bila ajabu, muuzaji aliwadanganya. Kuta zijengwe kwa matofali ya saruji, maana mchanga wa pwani huporomoka, na kobe aliyefukiwa hupiga kelele ambayo hakuna anayeisikia. Juu pangeni mbao nene au zege jembamba, kisha rudishieni udongo nusu mita. Udongo huo wa juu ndio dawa, msiupunguze kwa ajili ya sura. Mdomo wa shimo uutazamishe mashariki, apate jua la asubuhi analolipenda. Magharibi kabisa hapana. Juni jua la Maskati hupita karibu sawa na utosi, halafu alasiri linakuja kulala usoni pa kila kitu kinachoelekea huko.

Mbele ya mdomo wekeni kizingiti cha kiganja kimoja na kunyanyuka kidogo. Mvua ya Omani haiji, ikija inakuja yote. Walioona tufani ya Gonu mwaka 2007 na ya Shaheen mwaka 2021 hawahitaji kuambiwa, na kobe hajui kuogelea. Tangazo la tufani likitoka, kobe aingie ndani na shimo lizibwe.

Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya shimo, jengeni kibanda cha juu: ukuta wa matofali maradufu, katikati mchanga, paa la mbao lenye udongo, na juu ya vyote hivyo kivuli cha makuti ya mtende kilichoachana na paa ili upepo upite. Makuti, si mabati. Gunia lililoloweshwa likitundikwa mlangoni husaidia sana siku za upepo mkavu. Siku zile za Agosti ambapo nguo hazikauki kambani na miwani inaingia ukungu ukitoka nje, gunia halina kazi, maji hayakauki hewani kwa hiyo hayaondoi joto. Siku hizo hesabu ya kibanda cha juu hukataa, na hapo kiyoyozi kina haki yake.

Nimefika kwenye kiyoyozi. Hujakosea kumwingiza siku ile, mwanangu, huenda ndiyo iliyomponya. Kosa ni kumweka huko usiku na mchana, tena majilisi, ambako najua mmekishusha mpaka wageni wanaomba shali. Kobe akilala kwenye sakafu ya nyuzi 19 tumbo lake halisagi chakula, kikikaa kinaoza, naye anaanza kutoka makamasi na kupumua kwa mlio. Bila jua gamba hulainika baada ya miezi. Na sakafu inayoteleza humpanua miguu. Basi chumba cha dharura kiwe store au chumba cha kufulia, nyuzi 27 hivi, mkeka au zulia kuukuu chini, saa za mchana mbaya tu. Usimtoe kwenye baridi ukamtupa kwenye 45 mara moja. Mtoe alfajiri, nje na ndani vikiwa vimekaribiana.

Maji sasa. Hapa Maskati kila mwenye nyumba anajua kwamba kiangazi mfereji wa maji baridi hutoa ya moto, kwa kuwa tangi liko juu ya paa, na ujanja wetu ni kuzima hita ya bafuni na kuoga maji yaliyotulia humo ndani. Mpe kobe maji hayo hayo ya hita iliyozimwa. Mpira wa maji uliolala uani tangu asubuhi una maji ya kuchemshia chai, umwage kwanza mpaka upoe ndipo umfikie mnyama. Chombo chake cha kunywea kiwe sahani pana ya udongo, ya kina cha vidole vitatu, kivulini, na ibadilishwe kila siku kwa sababu ataingia humo na kuchafua. Ni desturi yake, msimkemee.

Chakula akipate alfajiri, majani bado yana ubaridi: ukoka, majani makavu wanayouziwa wenye mbuzi, majani na maua ya hibiskasi, mpungate uliotolewa miiba. Alfalfa kidogo kidogo. Mkate, wali na mabaki ya biriani, hata akiyafurahia, hapana. Na mkishamchimbia shimo, Julai mtamwona anaingia halafu hatoki siku mbili, tatu. Mwacheni. Binti asitumwe kumvuta. Mchungulieni kwa tochi, akirudisha kichwa ndani na kupuliza, mambo ni mazuri.

Neno la mwisho kwako. Umegusia mwisho wa barua, sehemu niliyoikata, kwamba mkishindwa mtamwachia huru kwenye wadi, yaani korongo la mto mkavu, au mtamchukua Unguja likizo. Yote mawili hayafai. Omani si kwao, na huko wadini hana shimo. Kumvusha mpaka kunataka vibali vya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES. Ukikamatwa naye begini uwanja wa ndege, sitakujua.

Shikamoo Babu Bwana Mifugo. Mimi nasoma darasa la tano, Unguja. Tulikwenda kisiwa cha Changuu na shule kuona kobe wakubwa. Wote walikuwa wamelala chini ya miti, hata tukiwaita hawaji. Mwalimu alisema ni wavivu. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Unguja Mjini*

Marahaba mjukuu wangu. Boti yenu ilifika saa ngapi? Naona saa tano au sita, kama boti zote za wanafunzi. Mlikwenda kuwaamsha wazee wakati wa kulala.

Wale kobe asili yao ni Aldabra, visiwa vya Shelisheli. Mwaka 1919 gavana wa huko alileta wanne zawadi, wakazaana. Kwao Aldabra kuna sehemu zenye miti michache sana, na kila asubuhi kobe hushindana na jua kukiwahi kivuli. Anayechelewa akakutwa wazi na jua la mchana anaweza kufa pale pale alipo, ingawa ni mkubwa wa kilo mia mbili. Unaweza kudhani mkubwa hashindwi na joto. Kweli, kulipata huchukua muda, lakini likishamwingia halimtoki upesi, na miguu yake haiwezi kumkimbiza. Kwa hiyo hulala kivulini mapema, au hujitia kwenye matope. Hao mliowaona walikuwa wanafanya kazi kubwa, kazi ya kubaki hai.

Ukitaka kuwaona wakitembea na kugombania majani, mwombe baba akupeleke na boti ya asubuhi kabisa, au jioni jua likiwa limelegea. Mwalimu usimwambie nimesema nini.

Bwana Mifugo, habari za kazi. Mimi ni mlinzi wa jengo hapa Deira, Dubai, kwetu Mtwara. Mpangaji mmoja alihama akaniachia kobe wa maji mdogo, ana mstari mwekundu kila upande wa kichwa. Namweka kwenye bakuli la kioo barazani ghorofa ya nne. Wenzangu wawili waliokuwa naye walikufa mwezi Mei. Tafadhali nifanyeje huyu asife?
*Mlinzi, Dubai*

Nzuri, kijana. Nadhani ulitaka kusema wenzake, sio wenzako. Mtoe barazani kabla hujamaliza kusoma.

Bakuli la kioo juani ni sufuria. Maji yale machache hufikia joto la hewa na kulipita, na kobe wa maji hana pa kukimbilia, maji ndiyo nyumba yake yote. Yeye asili yake ni Marekani, mito ya bonde la Mississippi, anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Kwa hiyo yote niliyomwambia mama wa Seeb kuhusu kiyoyozi, kwako yageuze: chumba chenu cha kulala chenye kiyoyozi ndipo mahali pake, mbali na dirisha, kwa sababu jua la kupitia kioo linachemsha vile vile. Tafuta tangi au hata beseni kubwa la plastiki la kufulia, la lita 40 na zaidi, maji mengi hayabadiliki joto kwa ghafla. Weka jiwe linalojitokeza juu ya maji, apande akauke. Asubuhi mapema mtoe nje apigwe na jua dakika ishirini, nusu yake kivulini, na usiondoke hapo.

Mkishaishi wengi chumba kimoja, usimwoshee kwenye sinki la vyombo na unawe mikono kwa sabuni kila ukimshika. Kobe hubeba vijidudu vya salmonela na yeye mwenyewe haugui. Na usimtupe Khor, ule mkono wa bahari wa hapo Dubai, ukichoka naye. Maji yale ni ya chumvi.

Bwana Mifugo, salamu kutoka Voi. Nilimwokota kobe barabarani karibu na Tsavo, ana madoa ya manjano na meusi, mzito kama kilo nane. Nimemtengea nafasi kwenye banda la kuku. Kwenye intaneti nimeona kobe lazima awekewe taa maalumu ya joto, bei yake ni kali. Je, kuna ya bei nafuu? Mchana anahangaika sana anakwaruza ukuta.
*Kijana wa Voi*

Salamu nimezipokea. Taa hiyo usinunue hata ukipewa bure. Hao uliowasoma wako Uingereza na kwingineko ambako kobe anakaa sebuleni miezi saba akisubiri jua. Wewe uko Voi. Ukiwasha taa humo bandani utamchoma.

Tena nina wasiwasi na banda lenyewe. La kuku kwa kawaida lina paa la bati, limeinama, na kuta zimezibwa kwa sababu ya kicheche. Kuku akizidiwa na joto hupanua mabawa, akatoka nje. Kobe wako anakwaruza ukuta kwa sababu anatafuta njia ya kutoka, na wewe umeielewa kama tabia mbaya. Kobe wa madoa si mchimbaji kama yule wa Sahel. Yeye hujisukuma ndani ya kichaka kinene, au huazima shimo lililoachwa na mnyama mwingine. Ukimfungia pahala pasipo na kichaka wala shimo, joto litampata tu. Sasa hivi mtoe, mweke chini ya mti wenye majani hadi chini, ukutani ulaze matawi, na sahani ya maji pembeni. Wakijitahidi kupanda kuta hupinduka chali, na kobe aliyelala chali juani hana saa nyingi, kwa hiyo mtu awe karibu.

Lakini hayo ni ya leo tu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu umfuge bila kibali, hata kama ulimwokota kwa huruma ili asikanyagwe na lori. Huruma yako naiamini, ila huyo ana eneo lake analolijua, kila kichaka cha mchana na kila dimbwi la maji, na hapo ulipomtoa ndipo anapojua kujiokoa. Nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hapo hapo Voi, waeleze ulimwokota sehemu gani hasa ya barabara, wao watakuambia arudishwe wapi. Usimpeleke msitu wowote ulio karibu na nyumbani kwako kwa kuwa ni mzuri.

Siku ya kumpeleka, ondoka kumi na mbili asubuhi. Mtie kwenye katoni pana yenye matundu, chini umetandika majani, na umpakate au umweke miguuni mwako. Buti la gari sahau, na ukisimama njiani kunywa chai, ushuke naye.